Karatasi za Kwenda Leeds

Safari ya Leeds ilianzia Kyeni, kaunti ya Embu, mbele ya daftari la ubatizo lililoandikwa kwa Kilatini.

Dada yangu ni muuguzi huko Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Alikwenda baada ya Kenya na Uingereza kutia saini makubaliano ya Julai 2021 yaliyofungua njia kwa wauguzi wetu kufanya kazi katika hospitali za umma za kule. Alipojifungua binti wa pili, alipiga simu nyumbani akasema anataka kuwaona wazee wake wote kwa pamoja, kabla umri haujawakataza kusafiri. Wazee wenyewe ni watatu. Yuko cucu, mama wa mama yangu, ambaye jina lake ndilo analoitwa dada. Yuko mama, ambaye jina lake amepewa huyo mtoto mchanga. Na yuko mkwe wetu, mama wa shemeji, anayekaa karibu na Maua, huko Igembe. Jina lake analo binti wa kwanza. Ndivyo Waembu wanavyowaita watoto wao, na mama, ingawa aliolewa Imenti, upande wa Meru, miaka mingi iliyopita, hakuiacha desturi hiyo kwao. Kwa hiyo hapakuwa na ubishi kuhusu nani aende. Kila mmoja alikuwa anakwenda kumwona wajina wake. Kazi ilikuwa kwenye karatasi.

Mimi ndiye kifungua mimba, na kazi hiyo iliniangukia bila kikao. Ilinitoa Nairobi ikanipeleka Embu, ikanivusha mito ya Thuci na Nithi, ikanifikisha Imenti na mwisho Igembe. Barabara hiyo nimeipita tangu utotoni, kila mara nikiwa na haraka ya kufika kwa sikukuu au kwa mazishi. Safari hii nilisimama kila mahali, kwa sababu kila mahali palikuwa na karatasi ya kutafutwa.

Ukikata kulia pale Makutano na kuingia Mwea, nchi inalala tambarare. Maji yamesimama mashambani, mpunga umekaa kijani kibichi, na pale Ngurubani pishori inauzwa kando ya lami kwa magunia. Kisha unavuka Rupingazi, unaingia mji wa Embu, na kuanzia hapo ardhi inapanda na kushuka bila kupumzika. Kuelekea Runyenjes miti ya makadamia imesimama katikati ya kahawa, na migomba imejipanga ukingoni mwa kila shamba. Asubuhi mlima huonekana wote, theluji kidogo iliyobaki ikimeta kwenye vilele. Ikifika saa nne wingu limeshaufunika.

Cucu hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Kizazi chake karibu chote hakina. Ili apate pasipoti ilibidi kwanza asajiliwe kuzaliwa kwake, akiwa na vitukuu, na ili asajiliwe alihitaji barua ya chifu na ushahidi wa maandishi. Ushahidi wa zamani kuliko wote uko parokiani. Padre, kijana wa kutoka Siakago, alitutolea daftari lenye jalada la ngozi iliyopauka, akaligeuza kurasa kwa ncha za vidole. Mmishonari Mwitaliano wa Konsolata alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino, herufi zimelala upande mmoja, kila mstari mtoto mmoja: jina la Kikristo, jina la nyumbani, jina la baba, jina la mama, msimamizi. Tulimpata cucu katika ukurasa wa mwaka 1947. Umri: takriban miaka minne.

Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1940. Anaikumbuka vizuri siku alipokipata, kwa sababu wanawake wa Kenya hawakuwa wakipewa vitambulisho mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970. Kabla ya hapo mwanamke alijulikana kwa mumewe au kwa babake. Kina mama wa Kyeni walipanga foleni kwa chifu tangu alfajiri, na karani alipomwuliza mwaka wake wa kuzaliwa, cucu alimtajia majina ya wasichana waliokua naye pamoja. Karani akamtazama usoni, akaandika 1940. Sasa padre alikuwa ameshika daftari lenye hesabu nyingine, na mimi nilianza kuwaza viapo na mawakili. Cucu akatuondolea shaka.

"Huo wa kitambulisho ndio nimezeeka nao," alisema. "Mwacheni mtoto wa padre alale kwenye kitabu chake."

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Barua ya parokia ikathibitisha wazazi wake na mahali alipozaliwa, mwaka ukafuata kitambulisho, na usajili ukaenda. Lakini yale madaftari yananisumbua hadi leo. Yamewekwa kwenye kabati la mbao, na mchwa wa Embu hawabagui maandishi. Ndani yake mna watu wengi waliozaliwa kabla serikali haijajali kuwaandika, na wengi wao wangali hai, wanachuma kahawa. Kaunti zetu zina fedha za kujenga malango ya kukaribisha wageni. Zingeweza kupiga picha kurasa hizo, na kazi hiyo ingeisha kwa mwezi mmoja.

Mama alishuka kutoka Imenti akatukuta mjini Embu, kwenye ofisi ya Uhamiaji, kwa kuwa yeye pia alihitaji pasipoti. Zamani watu wa sehemu hizi walilazimika kwenda mpaka Nyayo House jijini Nairobi, walale kwa jamaa, warudi, na waende tena kuchukua kitabu. Sasa wanashuka Embu kwa matatu na jioni wako kwao. Chumba kilikuwa kimejaa: wasichana wanaokwenda kazi Ghuba, mwanafunzi aliyepata nafasi ya masomo Poland, mzee wa kwaya, mama mwenye pacha. Kila mmoja alikuwa na bahasha ya kaki kifuani.

Karani aliuweka mkono wa cucu juu ya kioo kidogo chenye mwanga wa kijani. Mashine ikakataa. Akakipangusa kioo, akamwomba abonyeze zaidi. Ikakataa tena. Vidole hivyo vimechuma kahawa, vimeshika jembe, vimepukuchua mahindi na kusuka viondo kwa zaidi ya miaka sabini, na ile mistari midogo ambayo Mungu humpa kila mtu ya kwake imelika. Nilivitazama kwa karibu siku hiyo. Ngozi ya ncha ilikuwa laini, inang'aa kama mpini wa jembe la siku nyingi. Kidole cha shahada kina kovu la panga, na kucha ya gumba imepasuka katikati tangu nikiwa mtoto. Karani akatoa kitambaa chenye maji na kopo la mafuta ya kujipaka, akaanza kumsugua polepole, kidole kimoja kimoja, akimwita cucu, akimwuliza kama mvua imefika Kyeni. Gumba la kushoto ndilo lililosoma kwanza. Vingine vikafuata, kimoja kwa kimoja, isipokuwa kile chenye kovu.

Ikaja zamu ya mama. Vidole vyake ni vyeusi kwenye mikunjo, weusi wa utomvu wa majani chai ambao hautoki kwa sabuni yoyote. Wachumaji wote wa Imenti wanao. Navyo vikasumbua. Nchi hii ilisomesha watoto wake kwa kahawa na chai, na leo inawatambua watu wake kwa vidole, na wale waliochuma ndio ambao mashine haiwajui. Jambo hilo liliniuma. Yule kijana wa mafuta ya kujipaka aliniponya kidogo, kwa kuwa hakuna mahali palipoandikwa kwamba afanye vile. Alifanya kwa sababu ana nyanya.

Kutoka hapo tuliingia soko la mitumba, kwa sababu mama hakukubali kabisa kwamba Juni ya Leeds si wakati wa baridi kali. Nilimweleza cucu kwamba kijoto cha Juni cha huko kinafanana na Kyeni mwezi wa saba, ule mwezi wa ukungu tunapoota moto jikoni mpaka saa tano. Cucu akaridhika, akasema basi sweta yake inatosha. Mama hakuridhika. Alipekua marobota, akayapima makoti kwa uzito wa mkono na kugeuza bitana kutafuta matundu, mpaka akapata la sufu ya kijivu, vifungo vyote vikiwa mahali pake, lebo ya Marks & Spencer shingoni. Muuzaji alipoambiwa linakwenda wapi, akapunguza bei. "Hilo linarudi kwao," alisema. "Mimi nitalitoza nauli gani?"

Cucu akapanda gari pamoja nasi kwenda Imenti, kumtembelea bintiye kabla ya safari kubwa. Ukishapita Runyenjes barabara inaanza kujipinda, inashuka kwenye bonde la kila mto na kupanda tena upande wa pili. Mito yote hii inatoka mlimani na kukimbilia Tana, nayo ndiyo iliyogawanya watu: hapa Waembu, ng'ambo Wachuka, kisha Wamwimbi, kisha Waimenti. Lugha inabadilika kidogo kila daraja. Tulipofika Thuci, mpaka wa Embu na Tharaka-Nithi, cucu akamwomba dereva apunguze mwendo.

Aliutazama mto, akaanza kusimulia mambo ambayo hata mama hakuwahi kuyasikia. Wakati wa hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekwa chini ya sheria ya peke yao. Watu walihamishwa kutoka mashambani mwao wakarundikwa vijijini, kijiji kikazungushiwa handaki lenye vijiti vyenye ncha, na mtu hakutembea bila kibali. Dada wa mamake cucu alikuwa ameolewa ng'ambo ya Thuci, upande wa Chuka. Alipofariki, mamake cucu alikwenda kwa mkuu wa kijiji kuomba ruhusa ya kwenda kumzika. Akaulizwa huyo marehemu ni nani wake. Akasema ni dada. Akaulizwa, wa baba mmoja na mama mmoja? Walikuwa watoto wa kina mama wawili, baba mmoja. Akaambiwa huyo si dada wa kutosha. Cucu alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja hivi, au kumi na minne ukifuata kitambulisho. Alimwona mamake akirudi nyumbani na kiondo chake kikiwa na vyakula vilevile alivyotoka navyo.

Gari lilishavuka mto zamani alipomaliza. Kuvuka kwenyewe ni sekunde chache. Kwenye mapaja nilikuwa na fomu za viza, na katika kila fomu kuna kisanduku kinachouliza: huyu unayekwenda kumwona ni nani wako? Nilitamani waliotunga kisanduku hicho wamsikie mzee aliyeketi nyuma yangu. Nadhani ndiyo maana cucu alivumilia habari zote za karatasi bila kulalamika, kushinda sisi sote. Yeye alishajua kibali ni kitu gani. Alichotaka kujua ni kama safari hii mjukuu anahesabiwa kuwa wa kutosha. Nikamwambia ndiyo, anahesabiwa.

Chuka tulikula nduma na chai ya maziwa, tukaendelea. Karibu na daraja la Nithi gari lote hunyamaza. Julai 2022 basi liliacha barabara hapo na kutumbukia bondeni, wakafa watu zaidi ya thelathini, na kabla ya hao walikufa wengine wengi kwenye mteremko huohuo. Mama hufumba macho na kusali kuanzia kona ya kwanza mpaka gari lianze kupanda. Wapo abiria wanaoshuka Chuka na kubadili gari kwa sababu tu hawakuupenda mkono wa dereva, nami nawaunga mkono.

Baada ya Nkubu, kabla hujafika mji wa Meru, unavuka Ikweta. Kuna kibao, na vijana wenye ndoo ya maji wanaoonyesha wageni jinsi yanavyozunguka. Sisi tulipatumia kwa somo jingine. Nilimweleza cucu kwamba hapa jua linazama saa kumi na mbili na nusu, mwaka nenda mwaka rudi, lakini Leeds mwezi wa Juni linazama baada ya saa tatu na nusu usiku.

Alifikiri. "Na ng'ombe wanakamuliwa saa ngapi?"

Sikuwa na jibu, wala sijalipata. Niliona tu kwamba katika maswali yote niliyoulizwa kuhusu Uingereza, na yalikuwa mengi, hilo ndilo lililokwenda moja kwa moja kwenye maisha ya watu wa huko: wanaishije mchana usipokwisha.

Kwa mama ni juu, karibu na msitu, mahali chai inapoota vizuri. Miche imekatwa sawasawa, mteremko mzima ukawa meza ya kijani, na katikati zinapita njia nyembamba za upana wa mtu mmoja na kikapu. Mama huamka saa kumi na moja, akavaa aproni ya nailoni kuzuia umande, akachuma majani mawili na kichipukizi mpaka saa nne, kisha akabeba mpaka kituo cha kununulia, ambapo karani hupima, hukagua na kuandika kilo. Malipo ya kila mwezi ni madogo. Fedha yenyewe huja na bonasi, mwezi wa kumi, na bonasi hiyo ndiyo iliyomsomesha dada uuguzi.

Hapa tulikaa siku kadhaa, na hapa ndipo palipokuwa na kazi ngumu kuliko ya vyeti. Viza ya mgeni ya Uingereza humruhusu mtu kukaa mpaka miezi sita, na anayeiomba lazima aonyeshe kwamba atarudi. Ana nini nyumbani? Mshahara gani, mali gani, watu gani wanaomtegemea? Fomu imeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye mwajiri. Mama hana mwajiri. Tulikaa mezani, mimi na baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, tukaanza kuandika vitu vinavyomrudisha mama nyumbani.

Shamba lipo, lakini hatimiliki ina jina la babu, aliyefariki kabla mimi sijamaliza shule ya msingi, na ndugu hawajagawana rasmi. Hali ni hiyohiyo katika boma nyingi za Meru na Embu. Katiba ya 2010 inasema mwanamke na mwanamume wana haki sawa katika ardhi, na hakuna anayempinga mama pale anapolima, lakini karatasi bado inaongea na maiti. Baba mkubwa aliinama kimya kwa muda. Kisha akasema ataandika barua ya kukiri kwamba sehemu ile ni ya mama, ataipeleka kwa chifu igongwe muhuri, na mambo ya urithi yataanzishwa mahakamani mwaka huuhuu. Niseme wazi: jambo ambalo kikao cha ukoo kilikuwa kimelikwepa tangu baba afariki lilisogezwa na fomu ya Waingereza. Nimefurahi kwamba limesogea. Ninahuzunika kwamba lilingoja mgeni.

Mengine yalikuwa rahisi. Risiti za chai za mwaka mzima, alizozitunza kwenye kopo la biskuti. Ng'ombe wawili wa maziwa. Kitabu cha chama cha akina mama, ambacho kumbukumbu zake zimeandikwa kwa Kimeru, ikabidi nizitafsiri, kwa sababu ubalozi haupokei lugha isiyo yao. Zamu yake ya kupokea pesa za chama ni Desemba, na mwanamke hatoroki zamu yake. Mama mwenyewe aliongeza kaburi la baba, lililo chini ya mparachichi. Nilisita, kisha nikaliandika, kwa sababu ni kweli kuliko yote.

Kwa upande wa cucu, yeye mwenyewe aliamuru sentensi. "Andika kwamba nitarudi kabla ya mvua ya mwere," alisema, yaani mvua za vuli, za Oktoba, ambazo watu wa Embu huita kwa jina la mawele yaliyokuwa yakipandwa. "Nisipopanda mimi hakuna atakayepanda." Niliandika hivyohivyo, nikaweka na tarehe.

Usiku baba mkubwa alitusimulia habari za Mbwaa. Kila Mmeru amezisikia: kisiwa cha pwani, ambacho wengine wanasema ni Manda huko Lamu, watawala waliovaa nyekundu, Nguo Ntune, masharti yasiyowezekana waliyowapa babu zetu, na kiongozi Koomenjwe aliyewatoa usiku. Waliovuka maji gizani wakaitwa Njiru, weusi; waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, wekundu; na waliovuka mchana Njeru, weupe. Miaka ya 1960 na 1970 Mmarekani Jeffrey Fadiman alizunguka kwa wazee akikusanya simulizi hizi, naye akazichukulia kwa uzito wa historia, kama ilivyostahili. Nilizijua tangu darasa la nne. Usiku huo zilinigusa upya kwa sababu ya namna baba mkubwa alivyozielekeza kwa cucu, ambaye ni Mwembu, mtu wa nyumba ya Mwenendega, babu wa Waembu, asiye na Mbwaa katika simulizi za kwao. Alikuwa anamwambia mkwe wake mzee kwamba kuvuka maji ni jambo ambalo nyumba hii imewahi kulifanya, kwa hiyo asiogope.

Kwenda Maua tulipita Nchiru, yaliko makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilichojengwa kwenye ardhi iliyotolewa na baraza hilo. Baada ya hapo chai inapungua na vilima vya Nyambene vinaanza, na miraa inashika nchi yote. Mashina mengine ni mazee, yamejaa mafundo, na hurithishwa kutoka baba hadi mwana. Saa sita mchana barabara si mahali pa mtu mwenye moyo dhaifu: pikapu za miraa zinakimbizana na saa, kwa sababu jani hilo likishachumwa halina siku nyingi.

Mkwe wetu alitupokea kwa mukimo wa ndizi na njahi, na kuku aliyechemshwa na kitunguu tupu. Mumewe alikuwa mmoja wa waliouza miraa Uingereza. Vibunda vilifungwa kwenye majani ya migomba mchana, vikalala uwanja wa ndege Nairobi, na kesho yake vilikuwa Heathrow. Ndivyo shemeji alivyosomeshwa. Tarehe 24 Juni 2014 Uingereza ikaipiga miraa marufuku na kuiweka miongoni mwa dawa za kulevya. Mkwe wetu anakumbuka vijana waliokuwa wakifunga vibunda wakikaa kwenye ukuta wa duka, mikono mitupu, wiki baada ya wiki. Baadaye soko la Somalia nalo likafungwa mwaka 2020 na kufunguliwa tena 2022, na watu wakajifunza kutoamini soko lolote.

Ndiyo sababu jinsi alivyopanga sanduku lake ilinigusa. Alilinunua jipya, hakutaka la kuazima hata la mwanawe. Halikuingia ghalani wala jikoni. Lilikaa kitandani limefunikwa shuka. Kila nguo aliikung'uta nje, akageuza mifuko na kuipitisha kidole kwenye mshono, akahakikisha hakuna jani wala kijiti. "Shamba ni langu na sioni haya," aliniambia. "Lakini mjukuu wangu hatanisubiri mlangoni huku mimi nimewekwa chumba cha polisi."

Vyakula navyo vilikuwa na sheria zake. Nyama na maziwa haviingii Uingereza kutoka kwetu. Majani mabichi yanataka cheti cha KEPHIS, shirika la ukaguzi wa mimea. Viazi ni marufuku. Asali inaruhusiwa kiasi, na cucu alikuwa ameshaagiza ya Mbeere. Makadamia ya kukaangwa hayana shida, wala unga wa wimbi. Lakini ndizi, niliposoma kwamba ndizi ni kati ya matunda machache yanayopita bila cheti, mkwe wetu alisimama akatoka nje. Alirudi na mkungu.

Tulimchukua tukarudi naye Imenti, ili wote watatu wafanye mazoezi ya maswali na kutia saini pamoja. Usiku ule jikoni Kiembu, Kiimenti na Kiigembe viligongana. Walipokwama waliingiza Kiswahili, kisha wakacheka na kuendelea. Baba mkubwa akawagawia wanaobaki kazi: ng'ombe kwa binamu, chai kwa jirani kwa nusu ya malipo, kuku wa Kyeni kwa mjukuu wa kule. Akawatemea mate ya baraka viganjani, mmoja baada ya mwingine, nao wakajipaka kifuani.

Kisha wakaanza kugawana mtoto. Mkwe wetu alisema mama wa baba ndiye huogesha mjukuu. Cucu akasema mikono mizee ndiyo inayojua kukanda mifupa ya mtoto, kwa hiyo asubuhi ni yake. Jioni wapange wenyewe. Mkwe wetu akakubali jioni. Wakamgeukia mama, wakamwambia yeye atapika.

"Sipiki," mama alisema. "Mtoto huyo ni mimi. Nitajiogesha mwenyewe."